Miezi 32 Bila Padri



Nimeombwa mambo mawili. La kwanza, nizungumzie kile ambacho Wakristo wa leo tunaweza kujifunza kwa Kanisa la mwanzo. La pili, nizungumze kwa Kiswahili, hapahapa Kampala. Nikiri kwamba hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Mnajua mji huu unavyokitazama Kiswahili. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikiita lugha rasmi ya pili, lakini mwamkie jirani kwa Kiswahili saa mbili usiku uone kama hataangalia kwanza komeo la mlango wake. Kwa watu wa rika langu hii ni lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu mwenye bunduki anayetaka kuona kitambulisho. Mzee mmoja ninayesali naye aliposikia habari za mhadhara huu aliniuliza, "Sasa mwalimu, utakuja na magwanda?"

Basi nianze kwa kumjibu mzee wangu. Kiswahili hakikuingia Buganda kimevaa magwanda. Kilikuja na wafanyabiashara wa pwani, enzi za Suna, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, na mwanawe Mutesa akakijua vizuri. Akajifunza Kiarabu pia, na kwa miaka kadhaa akafunga Ramadhani. Msafiri Henry Stanley alipofika Aprili 1875, habari za Biblia zilisimuliwa mbele ya Kabaka kwa Kiswahili. Na Stanley alipoondoka, alimwacha nyuma kijana mmoja aliyeitwa Dallington Maftaa. Kijana huyu alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa na misheni ya UMCA huko Unguja. Akabaki katika lubiri, yaani jumba la Kabaka, akisoma, akifasiri, akiandika barua. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, wa shirika la CMS, waliingia Rubaga tarehe 30 Juni 1877. Hesabuni wenyewe: karibu mwaka mmoja na nusu, mwalimu wa Ukristo katika nchi hii alikuwa mmoja tu. Hakuwa Mzungu, hakuwa mchungaji wala padri, na darasa lake lilikuwa la Kiswahili.

Ndiyo maana Kiganda cha dini kimejaa maneno ambayo mtu wa Mombasa hahitaji kutafsiriwa: ekitabo, essaala, eddiini, omusalaba. Na lipo neno moja ambalo nataka mlishike mpaka mwisho, okusoma. Wakristo wa kwanza hapa hawakuitwa Wakristo. Waliitwa basomi, yaani wasomaji, kama walivyoitwa Waislamu kabla yao, maana ni Waislamu waliotangulia kuileta kalamu. Jjajja yangu, bibi mzaa mama, hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kila Jumapili alijifunga gomesi yake na kutangaza kwamba anakwenda okusoma. Nilipokuwa mtoto nilimcheka. Nilikuwa mjinga.

Sasa turudi kwenye mada. Kanisa la mwanzo lipi? Lipo lile la Yerusalemu na Antiokia, na lipo lile la hapa, la miaka ya 1870 na 1880. Nimeamua kuanza na la hapa kwa sababu hili la hapa tunadhani tunalijua. Kila tarehe 3 Juni tunakwenda Namugongo. Watu wanatembea kwa miguu kutoka Mbarara, kutoka Kenya, kutoka Tanzania, miguu imevimba, rozari mkononi. Tunaikumbuka siku ile ya mwaka 1886, Sikukuu ya Kupaa, Karoli Lwanga na wenzake walipofungwa kwenye mafungu ya matete na kuchomwa, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Basilika lililopo pale lina nguzo 22, kila shahidi Mkatoliki na nguzo yake. Wanaokumbuka vizuri watakumbuka pia kwamba miaka kumi kabla ya hapo, Mutesa aliamuru Waislamu wapatao 70 wauawe kwa kukataa kumtii yeye kuliko dini yao, na kwamba Namugongo ni mahali pao pia.

Siidharau siku ile. Lakini nadhani tumeitazama mno, kama mtu anayetazama mavuno na asiulize nani alilima. Vijana wale walijifunza wapi? Nani aliwafundisha?

Mapadri Weupe wa kwanza, Siméon Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans, waliteremka kwenye mtumbwi Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Novemba 1882 mapadri wote wakaondoka. Hali katika lubiri ilikuwa imechafuka, waliogopa, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Hawakurudi mpaka Julai 1885, baada ya Mutesa kufa na mwanawe Mwanga kuwaita. Waanglikana walibaki na wamisionari wao, akina Mackay, hilo tulikubali. Lakini upande wa Wakatoliki ni miezi 32 bila padri, bila Misa, bila mtu wa kuwaambia kama wamekosea au wamepatia. Waliobatizwa walikuwa wachache sana, na wengine wao hawakuwa wamemaliza hata mwaka tangu wabatizwe. Kwa hesabu yoyote ya kibinadamu, jambo lile lilitakiwa kufa.

Halikufa. Lilienea. Na ukitafuta lilienea kwa mikono ya nani, unakutana na watu wa ajabu kidogo.

Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi wa ndani wa Kabaka, naye akawa mwalimu wa vijana wa lubiri. Anderea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Alizaliwa Bunyoro na kuletwa Buganda kama mateka. Kule Ssingo, upande wa Mityana, kilometa zipatazo 70 kutoka hapa, alikuwapo Matiya Kalemba, Msoga aliyetekwa utotoni na kulelewa katika nyumba ya wenyewe. Kalemba alikuwa Mwislamu kwanza, halafu akasoma kwa Waprotestanti, halafu akaishia kwa Mapeera, na kila alipohamia alihamia na moyo wote. Alipoamini akabaki na mke mmoja, akawapa wengine mahali pa kuishi. Pamoja naye alikuwapo Luka Banabakintu, na mfinyanzi mmoja, Noa Mawaggali, ambaye vyungu vyake vilipikiwa na watu wasioujua Ukristo wake. Watu hawa, mpiga ngoma na mfinyanzi na watu waliowahi kuwa watumwa, ndio walioshika darasa. Mapadri waliporudi Julai 1885 walikuta watu wengi kuliko waliowaacha.

Siku ya kufa kwa Kaggwa inaeleza hili kuliko mhadhara wangu wote. Ilikuwa tarehe 26 Mei 1886, Munyonyo. Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka, alimtaka Kaggwa kabla ya wengine, akasema hatakula mpaka aletewe mkono wake uliokatwa. Chuki hiyo yote ilitoka wapi? Kaggwa hakuwa mwanasiasa, wala hakushika silaha. Kosa lake ni kwamba alikuwa akiwafundisha dini watoto wa Katikkiro mwenyewe. Mkono ukaletwa, Katikkiro akala.

Ninapofika hapo huwa nafungua Matendo ya Mitume, sura ya 8. Stefano ameshapigwa mawe, Yerusalemu pamechafuka, na Luka anaandika jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: wote walitawanyika isipokuwa mitume. Mitume walibaki mjini. Waliotawanyika ni wale wengine, na ndio waliokwenda wakihubiri. Ukiruka hadi sura ya 11 unawakuta wameshafika Antiokia. Nani alianzisha kanisa la Antiokia, lile lililomtuma Paulo safari zake, lile ambalo ndani yake jina "Wakristo" lilitumika kwa mara ya kwanza? Luka anasema ni watu wa Kipro na Kirene. Kirene iko Afrika, katika Libya ya leo. Majina yao hakuyaandika. Kanisa kubwa kuliko yote ya wakati ule baada ya Yerusalemu lilianzishwa na watu ambao hatujui hata waliitwaje. Kanisa la Yerusalemu lilipata habari baadaye, likamtuma Barnaba akaangalie.

Hilo ndilo ninalotaka kusema leo, na sina jingine kubwa zaidi ya hilo. Kanisa la mwanzo, kule na hapa, lilikuwa la watu waliofundishana. Msomi alikuwa mtu aliyepokea somo leo na kulitoa kesho. Sisi tumebaki na nusu ya kwanza. Tunapokea. Tunakaa, tunatazama skrini, tunanunua maji yaliyoombewa, tunasema amina pale tunapoambiwa tuseme amina, tunarudi nyumbani.

Nisieleweke kwamba nadharau mafunzo. Kinyume chake. Watu hufikiri Kanisa la mwanzo lilikuwa la haraka: unaamini asubuhi, unabatizwa jioni. Zipo habari za namna hiyo, yule towashi wa Kushi mmojawapo. Lakini kufikia karne ya 3, katika utaratibu unaohusishwa na Hipoliti wa Roma, mkatekumeni alifundishwa miaka mitatu, na walichunguza kwanza kazi anayofanya. Na tazameni jinsi jambo hili lilivyotufikia sisi. Mwanzilishi wa Mapadri Weupe, Charles Lavigerie, alikuwa askofu mkuu huko Algeria, nchi jirani na magofu ya Karthago, mji wa Sipriano na Perpetua. Alisoma habari za Kanisa lile la kale la Afrika ya Kaskazini, lililokuwa kubwa hivyo na likatoweka, akaogopa. Akawaamuru watu wake wa huku maziwani: hakuna kubatiza mtu kabla ya miaka minne ya mafunzo. Wamisionari wengine walimwona mkali kupita kiasi. Hata hivyo, wakati mapadri walipopanda mtumbwi kuelekea Bukumbi, waliowaacha nyuma walikuwa watu waliokwisha kuchimbiwa msingi.

Na sheria hiyo ilikutana na moto. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, Lwanga alijua kwamba kesho wataitwa. Aliwabatiza kwa mkono wake mwenyewe vijana waliokuwa hawajabatizwa, mdogo wao akiwa Kizito. Hakuwa padri, yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba iliyopita tu. Mmoja alikosa nafasi. Mukasa Kiriwawanvu alikuwa kifungoni kwa sababu ya ugomvi na mwenzake Gyaviira, jambo la vijana, ngumi na maneno. Alitolewa kifungoni akaunganishwa na msafara wa Namugongo. Katika orodha ya watakatifu 22 waliotangazwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, ndiye ambaye hakuwahi kubatizwa. Mtakatifu asiyebatizwa, na kabla ya hapo alifungwa kwa kupigana. Huwa nafurahi sana kumtaja mbele ya wanakamati wa parokia.

Habari za wanawake nitazigusa tu, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa zinahitaji mhadhara wao. Siku Mawaggali alipouawa kule Mityana, tarehe 31 Mei, dada yake Munaku hakukimbia. Alitoka mwenyewe, akataka naye akamatwe. Walimfunga, hawakumuua, na imani hakuikana. Kalenda haina siku yake, na hilo linanisumbua, kwa sababu kufa humalizika kwa siku moja na yeye alibaki na kesho zote zile.

Kuhusu fedha, ruhusuni nitoke nje ya Buganda kidogo. Kipo kitabu kidogo cha kale kiitwacho Didache, yaani Mafundisho, cha mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Kinatoa kipimo cha nabii anayesafiri. Mpokee, kinasema, mlishe. Akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka achukue mkate wa njiani tu. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Akisema kwa Roho nipeni fedha, msimsikilize, isipokuwa anawaombea wahitaji wengine. (Mnacheka. Niliposoma mara ya kwanza na mimi nilicheka, kisha nikahesabu mabango kutoka Wandegeya hadi nyumbani kwangu.) Na Justino, akiandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza sadaka ya Jumapili ilikokwenda: kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hapa kwetu tunaye Yowana Maria, aliyepewa jina la Muzeeyi, "mzee", ingawa hakuwa mzee, kwa sababu ya busara zake. Alisifika kwa kuwahudumia wagonjwa na kukomboa watumwa kwa mali yake. Aliuawa Januari 1887, wa mwisho katika wale 22.

Ningeishia hapa mngetoka mmefurahi. Lakini historia haikuishia hapa, na mwalimu anayewaficha wanafunzi wake kurasa mbaya ni mwizi.

Tarehe 24 Januari 1892, miaka mitano na nusu tu baada ya Namugongo, Wakristo wa Kampala walipigana wao kwa wao. Wakatoliki waliitwa Bafransa, Waprotestanti wakaitwa Bangereza, kana kwamba hakuna aliyezaliwa hapa. Walikuwa wamekimbia pamoja wakati wa vita na Waislamu, wakarudi pamoja, wakamrudisha Mwanga kwenye kiti cha enzi pamoja, kisha wakagawana vyeo, na katika kugawana vyeo undugu ukaisha. Kapteni Lugard, Mwingereza aliyekuwa na ngome yake juu ya kilima, aliwapa Waprotestanti bunduki na akafyatua Maxim kuelekea upande wa pili. Kanisa la Rubaga likateketea. Bangereza wakashinda, na ramani ya nani anapata usaza gani, yaani wilaya gani, ikachorwa kwa ushindi huo. Mpaka leo ukiuliza kwa nini shule hii ni ya hawa na ile ni ya wale, jibu limelala chini ya siku ile.

Kilima chenyewe ndicho tunachokiita Old Kampala. Ndicho kilima ambako Mei 1886 Matiya Kalemba alikatwa viungo na kuachwa peke yake mpaka akafa, siku kadhaa. Ngome ya Lugard ilijengwa hapo miaka minne na nusu baadaye. Huwa najiuliza ni wangapi kati ya wale waliopanda kilima kuchukua bunduki waliwahi kusomeshwa na Kalemba, au na mtu aliyesomeshwa na Kalemba. Lazima walikuwapo. Mji ulikuwa mdogo.

Tuje sasa kwetu. Tarehe 18 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Rais alitangaza kwamba mikusanyiko ya ibada imesitishwa. Makanisa na misikiti ikafungwa hadi Septemba. Tarehe 3 Juni mwaka ule mahujaji hawakwenda Namugongo. Kwa mara ya kwanza katika umri wangu, sisi Wakristo wa Kampala tukawa mahali walipokuwa watu wa 1882. Hakuna padri, hakuna jengo. Tulikuwa na miezi sita, wao walikuwa na 32, na sisi tulikuwa na simu na redio.

Nyuma ya nyumba yangu kuna safu ya vyumba vya kupanga, vile ambavyo hapa mjini tunaviita mizigo, chumba kimoja na kibaraza. Katika kimoja anakaa mama mmoja anayeuza nyanya. Wiki ya tatu ya kufungiwa niliona ametandika mkeka kibarazani, amesogeza sigiri na majerikeni ukutani, na watoto wamekaa. Wake walikuwa wanne, wengine ni wa majirani. Biblia yake ni ya Kinyankole, maana kwao ni Bushenyi. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, na binti yake wa miaka kumi hivi akafasiri kwa Kiganda, na pale kwenye kona alikuwapo mvulana wa familia iliyotoka Kongo ambaye Kiganda hakijamkaa, basi binti akarudia kwa Kiswahili. Mstari mmoja, lugha tatu. Niliwasikiliza kupitia dirishani. Nyuma yangu kulikuwa na rafu mbili za vitabu vya historia ya Kanisa na televisheni iliyokuwa ikirusha ibada, sauti nimeipunguza.

Jumapili moja aliinua kichwa akaniona. "Mwalimu," akasema, "samahani. Huyu Filipo anayemfundisha yule mtu wa kwenye gari, ni yule mtume, au ni Filipo mwingine?"

Nikamwambia ni mwingine. Ni mmoja wa wale saba waliochaguliwa kugawa chakula.

Akageuka akawaambia watoto, na binti akafasiri mara mbili. Kisha akasogea kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja. "Basi njoo utueleze, mwalimu. Nafasi ipo."

Nikamwambia nitakuja Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata kulikuwa na ibada nzuri kwenye televisheni, na ile iliyofuata mvua ilinyesha. Septemba makanisa yakafunguliwa, na mkeka ule sikuwahi kuukalia.